Kabla ya Kutuma Pesa: Haki za Mama Anayenunua Vifaa vya Umeme kwa Simu

Zamani kidogo, mama wa Babati aliyetaka pasi, redio au jiko la umeme alikuwa na njia mbili. Aliingia katika maduka ya pale sokoni, akachagua, akaomba kifaa kichomekwe kwenye umeme akione kikiwaka mbele ya macho yake. Au alimkabidhi fedha ndugu aliyekuwa akisafiri kwenda Arusha au Dar es Salaam, akangoja. Siku hizi iko njia ya tatu, nayo imo ndani ya mkoba wake. Akifungua simu anakutana na picha za friji, blenda, runinga, simu janja na mashine za kupimia presha, na chini ya picha hizo maneno mawili tuliyoyazoea: "Tunatuma mikoani."

Njia hii si mbaya. Imewasaidia wengi wetu kupata vitu ambavyo havipatikani hapa mjini, tena bila nauli ya kwenda na kurudi. Ziko familia hapa Manyara ambazo zimeanza biashara ya juisi kwa blenda iliyoagizwa kwa simu. Lakini pia wapo akina mama waliofungua boksi wakakuta kitu tofauti na kile walichokiona kwenye picha, na wengine waliokuta kifaa kinachowaka siku mbili kisha kinazima moja kwa moja.

Katika mikutano ya akina mama tunaulizwa swali moja mara nyingi kuliko mengine: "Nikikuta ni kibovu, je, naweza kukirudisha?" Jibu ni ndiyo. Sheria za nchi yetu ziko upande wako kuliko wengi wanavyodhani. Ila kuna jambo moja ambalo hatuna budi kulisema wazi tangu mwanzo. Haki ya kurudisha kifaa hutengenezwa kabla ya kutuma pesa. Pesa ikishaondoka haki hubaki palepale, lakini wa kumdai huenda hajulikani jina wala mahali alipo.

MBONA MAMBO NI TOFAUTI NA DUKANI?

Dukani unayo mambo matatu bila hata kuyaomba. Unamwona muuzaji, unakiona kifaa, na unajua mahali pa kurudi kesho asubuhi. Ununuapo kwa simu, yote matatu yako mbali. Unachokiona ni picha, tena mara nyingine si picha ya kifaa utakachotumiwa bali ni ya kutoka kwa mtengenezaji. Muuzaji ni jina tu la akaunti. Naye anataka fedha kwanza.

Katika baadhi ya nchi kuna kampuni kubwa ya mtandaoni inayosimama katikati. Mnunuzi huilipa kampuni, na kampuni hujibu malalamiko kwa utaratibu uliochapishwa. Kwetu Tanzania, Jumia iliyokuwa ikifanya kazi ya namna hiyo ilifunga shughuli zake nchini tarehe 27 Novemba 2019. Sehemu kubwa ya biashara hii sasa hufanyika moja kwa moja kati ya mtu na mtu, kupitia Instagram, Facebook na WhatsApp, na malipo huenda kwa pesa za simu. Aghalabu hakuna mtu wa tatu anayeshikilia fedha mpaka mzigo ufike salama.

Kwa hiyo hasara inapotokea huangukia nyumba moja kwa moja. Tuseme friji lina thamani ya laki sita. Kwa mama anayetaka kuuza maji baridi na barafu, hiyo huenda ni fedha ya mgawo wa kikoba, au mkopo unaopaswa kurejeshwa kila wiki hata kama friji halipozi. Au ni fedha ambayo baba na mama waliiweka pamoja kwa mwaka mzima. Kifaa kibovu kinaweza kuleta ugomvi ndani ya nyumba, na deni ambalo watoto watalilipa kwa kukosa sare za shule. Ndiyo maana tunasema jambo hili ni la familia nzima.

SHERIA INASEMAJE?

Akina mama wengi wakiona kwenye risiti maneno "Mali ikishauzwa hairudishwi" hukata tamaa palepale. Hupaswi kukata tamaa. Maneno hayo hayakuondolei haki uliyopewa na sheria endapo kifaa ni kibovu au si kile ulichoelezwa.

Tunayo kwanza Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyokuwapo tangu enzi za ukoloni. Sheria hiyo inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ukiahidiwa runinga ya inchi 43, ukaletewa ya inchi 32, mwenye kosa ni muuzaji. Vilevile bidhaa lazima iwe na ubora unaostahili kuuzwa, na ikiwa ulimweleza muuzaji unataka kitu cha kufanyia kazi gani, basi kifae kwa kazi hiyo.

Ya pili ni Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, ambayo wengi huijua kwa herufi zake FCC. Sheria hii inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, kwa mfano kusema kifaa ni kipya wakati kimeshatumika, kudanganya juu ya ubora au mahali kilikotengenezwa, au kumdanganya mteja kwamba hana haki fulani wakati anayo.

Ya tatu ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ambayo inahusu hasa biashara ya simu na mtandao. Inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajitambulishe, atoe anwani na mawasiliano yake, na aeleze bidhaa na bei yake. Tena sheria hii inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi unaoweza kupokelewa mahakamani. Maana yake ni kwamba mazungumzo yenu ya WhatsApp, picha alizokutumia, na ujumbe wa muamala wa pesa si mambo ya kufuta ili simu ipate nafasi. Ni nyaraka zako.

Hapa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kifaa kibovu au tofauti na maelezo. Hapo unadai haki yako, na muuzaji hakufanyii hisani. La pili ni kubadili mawazo. Umepokea blenda nzima, inafanya kazi, ila rangi haikupendezi au umeona nyingine ya bei nafuu. Dukani, muuzaji halazimiki kuipokea kwa sababu hiyo tu. Baadhi ya nchi zimeweka ulinzi zaidi kwa wanunuzi wa mtandaoni. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2014 imempa anayenunua kwa mbali siku 14 za kubadili mawazo baada ya kupokea mzigo, kwa bidhaa nyingi. Wewe unayenunua kwa simu ukiwa Babati usikae kwa kudhani. Mwulize muuzaji kabla ya kulipa kwamba unazo siku ngapi za kurudisha, na jibu lake liandikwe.

Madai haya si ya ugomvi wala si mageni. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alilieleza Bunge la nchi yake haki nne za mnunuzi, nazo ni usalama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Ndiyo sababu kila mwaka tarehe 15 Machi huadhimishwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kumlinda mlaji. Jirani zetu wa Kenya waliandika haki hizo ndani ya Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 46. Kwa hiyo mama anayeuliza maswali kabla ya kulipa asiitwe msumbufu.

KABLA YA KUTUMA PESA

Haya ndiyo mambo tunayowashauri akina mama wayafanye, kila moja kwa utulivu, bila kuharakishwa na maneno kama "ofa inaisha leo saa sita usiku".

1. Mjue muuzaji. Omba jina la biashara, mahali duka lilipo, mtaa na jengo, na namba ya simu inayopigika. Piga, usiishie kwenye ujumbe. Majina ya biashara na makampuni husajiliwa na BRELA, nawe unaweza kuuliza kama jina hilo limesajiliwa. Kama una ndugu au mshirika wa kanisa aliye Kariakoo au Arusha, mwombe apite akalione duka. Hiyo ni gharama ndogo kuliko laki sita.

2. Omba picha au video ya kifaa chenyewe. Mwambie akiwashe, na aonyeshe kibandiko cha nyuma chenye jina, modeli na namba. Muuzaji mwenye kifaa mkononi hatashindwa kufanya hivyo kwa dakika mbili.

3. Soma umeme wake. Umeme wetu ni volti 230. Vifaa vilivyotengenezwa kwa matumizi ya Japani ni vya volti 100, na vya Marekani ni volti 120. Pasi ya mtumba ya volti 100 ukiichomeka ukutani bila kifaa cha kupunguza umeme itaungua, na hapo itakuwa vigumu kumlaumu muuzaji ikiwa alikueleza.

4. Uliza kama ni kipya, mtumba, au kimefanyiwa ukarabati. Kununua mtumba si kosa, na nyumba nyingi zimejengeka kwa vitu vya mtumba. Kosa ni kulipia bei ya kipya.

5. Andikianeni masharti. Yatosha ujumbe mmoja wa namna hii: "Kaka, nanunua friji jipya, modeli hii, kwa bei hii, pamoja na usafiri hadi Babati. Likifika bovu au tofauti na picha nalirudisha ndani ya siku saba, nauli ya kurudisha ni yako, na fedha yangu unairudisha yote. Waranti ni mwaka mmoja. Tukubaliane?" Akijibu "Sawa mama", umeshapata mkataba ulioandikwa. Akikwepa kujibu, umeshapata jibu pia.

6. Uliza waranti ni ya nani. Iko waranti ya mtengenezaji, ambayo huheshimiwa na mawakala wake, na iko ya duka peke yake. Waranti ya duka lisilojulikana lilipo haina kazi. Uliza pia kifaa kitatengenezewa wapi, kwani waranti inayokudai usafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili ya blenda ni ya jina tu.

7. Dai risiti ya EFD. Wako wanaoogopa kuidai wakidhani bei itapanda. Lakini risiti hiyo ina jina la mfanyabiashara, namba yake ya mlipa kodi, tarehe na kiasi ulicholipa. Siku ya mashaka hakuna karatasi itakayokusemea kama hiyo.

8. Lipa kwa namna inayoacha alama. Ukipenda, omba kulipa mzigo ukifika, au nusu kwanza na nusu baadaye. Ukilipa kwa pesa za simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kama duka lina Lipa Namba yenye jina la biashara, tumia hiyo. Ikiwa jina linalotokea halifanani hata kidogo na jina la duka wala la mtu uliyezungumza naye, simama kwanza uulize.

Kwa wanaonunua simu kuna hatua moja zaidi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia zisitumike nchini, na wengi waliamka asubuhi wakiwa na simu isiyopiga wala kupokea. Kila simu halali ina namba yake ya utambulisho, inayoitwa IMEI, ambayo utaiona ukibonyeza *#06#. TCRA iliweka namba 15090 ya kutumia ujumbe wenye IMEI ili mtu ahakikishe simu yake kabla ya kununua. Mwombe muuzaji akutumie IMEI hiyo kabla ya malipo, kisha simu ikifika uilinganishe na ile iliyomo ndani yake na iliyo kwenye boksi. Zote ziwe sawa.

MZIGO UKIFIKA STENDI

Mizigo mingi hutufikia kwa basi. Unapigiwa simu, unakwenda ofisini kwao, unaonyesha kitambulisho, unatia sahihi, unapewa boksi. Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao kwa haraka. Bodaboda anangoja, jua ni kali, mtoto analia mgongoni, na boksi linapelekwa nyumbani bila kutazamwa.

Tunashauri hivi. Kabla ya kutia sahihi, litazame boksi kwa nje. Limebonyea? Limelowa? Gundi yake imebanduliwa na kubandikwa upya? Lipige picha pande zote likiwa bado mikononi mwa wenye ofisi. Kama lina dosari, mwombe karani aandike hivyo kwenye karatasi ya kupokelea mzigo. Kisha fungua, hapohapo ikiwezekana, huku mwenzako akichukua video kuanzia boksi likiwa limefungwa. Video hiyo inazuia ubishi wa siku za baadaye, pale muuzaji anaposema kifaa kilivunjikia kwako, na msafirishaji anaposema alikikuta kimevunjika.

Tunza risiti ya kifurushi. Msafirishaji naye ana wajibu wake. Kama kifaa kilitoka kizima kwa muuzaji, kikavunjika njiani, utahitaji kujua umdai nani. Ndiyo maana ni vizuri mkubaliane mapema kwamba mzigo ni wa muuzaji mpaka wewe uupokee.

Friji lina utaratibu wake. Likisafirishwa kwa kulazwa, usiliwashe mara lifikapo. Lisimamishe kwanza kwa saa kadhaa ili mafuta ya kompresa yatulie. Ukiliwasha haraka unaweza kuliharibu mwenyewe, na muuzaji atakuwa na haki ya kukataa. Mjulishe tu siku hiyohiyo kwamba limefika, umelikagua kwa nje, na utaliwasha kesho.

Vifaa vingine vijaribu siku ileile. Washa, tumia kila kitufe, chaji betri ijae, acha kifaa kifanye kazi. Usikifungie kabatini ukingoje sikukuu. Maboksi na vifungashio uvihifadhi mpaka muda wa kurudisha upite. Na ukiona hitilafu, acha kukitumia, na usimpe fundi wa mtaani akifungue. Kikishafunguliwa, muuzaji atasema fundi wako ndiye aliyekiharibu.

VIFAA VYA AFYA VINATAKA UANGALIFU ZAIDI

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunaona aina nyingine ya hasara. Blenda mbovu hukukosesha juisi. Mashine mbovu ya presha inaweza kukuficha ugonjwa, au kukutia hofu ya ugonjwa usiokuwapo. Wako wazee wanaoacha dawa kwa sababu mashine ya nyumbani imewaambia wamepona.

Ukinunua mashine ya kupimia presha, chagua ya kufunga juu ya mkono, sehemu ya juu ya kiwiko, kuliko ile ya kifundo. Uliza kipimo cha mkanda wake. Mkanda ulio mdogo kwa mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo. Ikifika, njoo nayo kliniki. Kaa kwa utulivu dakika tano, miguu ikiwa chini, mkono ukiwa usawa wa moyo, kisha tupime kwa mashine yako na kwa ya kliniki. Zikipishana sana, hilo ndilo tatizo la kumpelekea muuzaji mapema, siku za kurudisha zikiwa bado zipo.

Kwa mashine ya kupimia sukari, kabla ya kulipa uliza kwanza kama vijiti vyake vya kupimia vinapatikana katika maduka ya dawa hapa Babati. Mashine nyingi hukubali vijiti vyake peke yake. Ukiikosa bidhaa hiyo, mashine nzima itabaki pambo. Tazama pia tarehe ya mwisho wa matumizi.

Halafu kuna saa na pete zinazotangazwa kwamba hupima sukari bila kutoboa ngozi. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo kwamba haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe kwa namna hiyo. Mgonjwa wa kisukari akichoma insulini kwa kufuata namba isiyo ya kweli anaweza kuzimia na hata kupoteza maisha. Hapa kwetu vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Ukiona tangazo la kutia shaka, waulize wao, au mwulize mhudumu wa afya, kabla ya kumnunulia mama mkwe zawadi ya namna hiyo.

MUUZAJI AMENYAMAZA, UFANYE NINI?

Anza kwa upole, lakini kwa maandishi. Mwandikie siku uliyogundua tatizo. Taja tarehe ya kununua, kiasi ulicholipa, kasoro yenyewe, na unachotaka, yaani kukitengeneza, kubadilishiwa, au kurudishiwa fedha. Ambatanisha picha na video. Mpe muda maalumu wa kujibu. Wauzaji waaminifu wapo wengi, na mara nyingi jambo huishia hapa. Usianze kwa matusi kwenye ukurasa wake, kwa sababu ukishamtukana utakuwa umempa naye kesi ya kukushtaki.

Asipojibu, au akikataa, peleka malalamiko yako Tume ya Ushindani, ambayo ina ofisi ya kanda Arusha. Eleza kwa mpangilio, na uambatanishe nakala za ujumbe, risiti na picha. Kama ni fedha unazodai, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai madogo ya watu wa kawaida, na unaweza kujieleza mwenyewe bila wakili.

Lakini kama hakuna muuzaji wa kweli, yaani ulituma fedha kisha akaunti ikafutwa na simu ikazimwa, huo ni wizi. Usipoteze siku. Piga simu huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kulipa, namba 100, uwaeleze. Hawawezi kuahidi kurudisha fedha uliyoituma kwa hiari yako, ila ukiwahi kabla haijatolewa, kuna nafasi ya kusaidiwa. Nenda kituo cha polisi utoe taarifa na upewe RB. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inawahusu wanaofanya hivyo kwa simu na kompyuta. Ripoti pia namba ya tapeli kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo. Hata kama fedha yako haitarudi, huenda ukamwokoa mama mwingine wa Katesh au Mbulu.

TUSISAHAU UPANDE WETU

Biblia inakemea mizani ya udanganyifu, nasi tunapenda kumkumbusha muuzaji jambo hilo. Lakini mizani ina pande mbili. Mama aliyeiangusha simu kwenye beseni la maji, kisha akairudisha akidai ilikuja hivyo, naye ametumia mizani ya uongo. Vivyo hivyo anayekaa na blenda hadi harusi ipite ndipo aseme haimfai. Tabia hizo ndizo zinazowafanya wauzaji waaminifu waandike masharti makali, na wanaoumia ni wanunuzi wengine.

Ndani ya nyumba, zungumzeni kabla ya kununua. Yule mwanamke hodari asifiwaye katika kitabu cha Mithali hulitazama shamba kwanza ndipo alinunue. Na hasara ikitokea, isifichwe. Tunawajua akina mama waliokaa kimya kwa kuogopa kuchekwa au kugombezwa, mpaka siku za kurudisha zikapita na tapeli akabadili namba. Mume anayeambiwa mapema anaweza kusaidia kupiga simu, kwenda polisi, au kumtuma ndugu aliye karibu na duka. Basi, waume nao wapokee habari hiyo bila kufoka, maana anayefokewa leo hatasema kesho.

Katika vikundi vyetu pia tunaweza kusaidiana. Tuwe na daftari moja. Anayenunua kwa simu aandike jina la duka, kifaa, tarehe, na kama alihudumiwa vema. Baada ya miezi michache kikundi kitakuwa na orodha ya wauzaji wa kuaminika. Tukinunua pamoja, mathalani majiko matano kwa duka moja, tunayo nguvu ya kudai masharti mazuri na kugawana nauli ya mtu mmoja kwenda kuyakagua.

Mama mpendwa, ukurasa wenye masharti manane uliouona hapo juu unaweza kuukata na kuubandika ndani ya mlango wa kabati. Siku utakapoona tangazo zuri na mkono ukataka kubonyeza, usome kwanza mmoja baada ya mwingine. Kama muuzaji ni wa kweli, atakungoja kwa muda huo.